Feki Isiyo na Aibu

Aliyekulia Dar es Salaam hanunui hata plagi ya gari kabla ya kuuliza kama ni orijino. Muuzaji wa spea wa mtaa wa Gerezani ataapa kwa jina la mama yake, nawe utaigeuzageuza mkononi, utalipa, kisha utaondoka ukiomba dua. Ndiyo maana shemeji yangu, dereva wa basi huku Coventry, Uingereza, aliponiambia anataka kununua gari la michezo, tena akaongeza kwa fahari kwamba ni feki, nilimwomba arudie.

"Feki kabisa, shem. Orijino hata uuze figo zote mbili huipati."

Alisema kweli. Gari lenyewe ni Cobra. Lilizaliwa mwaka 1962, pale Carroll Shelby, Mmarekani wa Texas aliyewahi kufuga kuku na kushinda mbio za Le Mans, alipochukua gari dogo la kampuni ya AC ya Thames Ditton, Uingereza, akalipachika injini ya V8 ya Ford. Yalitengenezwa kama elfu moja hivi. Leo ukiliona moja barabarani, karibu hakika limeungwa na fundi wa uchochoroni. Shelby alikuja kuwa mkali kwa walioiga, hadi mahakamani, ingawa naye alianza kijanja: alikuwa na gari moja tu, na kila waandishi wa jarida jipya walipotaka kulijaribu, lilipakwa rangi nyingine ili wadhani yako mengi.

Basi Jumamosi tukaenda karakana. Iko nyuma ya ghala la vigae, haina hata kibao. Ndani, bodi za faiba zimening'inizwa ukutani, hazina magurudumu wala macho. Chini zimepangwa chesisi za mabomba ya chuma, na pembeni kuna Jaguar kuukuu iliyochinjwa: ekseli imeng'olewa, difu imeng'olewa, imebaki siti ya nyuma na harufu ya mbwa. Fundi mkuu, mzee wa Kiingereza mwenye ovaroli iliyosahau rangi yake, alitukaribisha chai ndani ya kikombe chenye alama za vidole vya grisi.

Nilipitisha kiganja ndani ya bodi moja, upande ambao haujapigwa rangi. Mzee akapiga kelele, lakini kiganja kilikuwa kimeshafika. Nyuzi za faiba zinawasha kama upupu, na ukiosha kwa maji ya moto, kama nilivyokimbilia kufanya, ndiyo unazikaribisha ndani zaidi. Ni maji ya baridi, akasema mzee, na usijikune. Kumwambia mtu asijikune ni ushauri wa mtu asiyewashwa.

Ili kunisahaulisha, akanipeleka kwenye gari la mtindo wa Lotus Seven. Hilo lina historia tamu. Colin Chapman alilitoa mwaka 1957, na kwa kuwa gari zima lilitozwa kodi ya mauzo ilhali vipande havikutozwa, wengi walilinunua vipandevipande wakaliunga nyumbani. Hadithi wanayopenda mafundi ni kwamba sheria ilikataza kumpa mteja maelekezo ya kuunga, lakini haikusema lolote juu ya kufungua. Basi wateja wakapewa maelekezo ya kufungua gari, wayasome kuanzia mwisho. VAT ilipokuja mwaka 1973 ujanja huo ukafa, ila mapenzi hayakufa.

Gari hilo halina mlango wa maana. Unakanyaga siti, kisha unajishusha kwa juu. Mzee alinivua viatu, kwa sababu pedeli zimebanana kiasi kwamba kiatu kipana hukanyaga breki na mafuta kwa mpigo. Nikashuka vizuri hadi kiunoni. Kiuno nacho kikakataa, kikakubali, kikashuka, halafu kikakataa kutoka. Nikawa nimekaa humo, usukani kifuani, kiganja kinawasha na mikono yangu haifiki mahali pa kujikunia.

Wakati huo akaingia mteja na mkewe. Waliniona nimetulia, wakadhani mimi ndiye mwenye gari. Yule bwana akaniuliza kwa adabu kama linashika vizuri. Nikamjibu kwamba linashika sana. Mzee alikuja akabonyeza mahali, akang'oa usukani mzima akauweka mezani, kisha yeye na shemeji wakaninyanyua kwa makwapa mbele ya wageni, soksi zangu hewani.

Cobra ndiyo iliyonimaliza. Tuliiwasha, ikanguruma hadi vigae vya jirani vikatikisika, shemeji akatokwa machozi. Mabomba ya eksozi yanapita ubavuni, chini kabisa ya mlango, na nilipotoa mguu kushuka, muundi wangu ulilala juu ya bomba. Nilisema maneno ambayo sikuyafundishwa madrasa. Mzee hakuniomba radhi. Alipandisha suruali yake akanionyesha kovu lake, mahali palepale. Yule mteja naye akapandisha yake.

Hapo nikawaelewa watu hawa. Feki ya Gerezani inauma kwa sababu muuzaji anajua na mnunuzi hajui. Huku fundi anaanza kwa kukuhesabia kisicho cha kweli: bodi si ya kweli, chesisi si ya AC, difu ilitoka kwenye Jaguar ya marehemu fulani. Serikali nayo inalikagua gari kabla halijaingia barabarani, hata kingo za nje zinapimwa, mviringo wake usipungue milimita 2.5. Ningependa kuona spea moja ya Gerezani ikipimwa hivyo.

Shemeji amelipa. Tatizo ni kwamba anaishi ghorofa ya tatu, na alipoulizwa mzigo upelekwe wapi, aliandika anwani ya dada yake, yaani kwangu. Sasa chesisi iko sebuleni, boneti imeegemea kabati la vyombo, na wageni wakija tunawakalisha kwenye siti za Cobra. Msomaji mwenye gereji tupu karibu na Coventry, tafadhali tuwasiliane. Kodi atalipa shemeji.