Jumapili Samaki Hawali

Dortmund, Ujerumani

Mjomba,

Huku tu wazima, ni baridi tu inayotunyanyasa. Mawese uliyonitumia yamefika, ingawa chupa moja ilivuja ndani ya begi la kijana aliyeyaleta na sasa ana masweta ya rangi ambayo hakuinunua.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli nimepata kazi ya pili. Ni kweli. Nalisha samaki. Usicheke kwanza. Si bwawa la sato hili, ni tangi la kioo la lita 500, liko sebuleni kwa mzee mwenye nyumba, mstaafu wa reli. Na samaki waliomo ni wa ziwa letu. Asili yao ni kwenye mawe ya Maswa, hapo kusini mwa Kigoma. Watoto wao ni weusi wenye madoa meupe kama kanga. Wakikua madoa yanafutika, kichwa kinageuka buluu na kiunoni wanavaa mshipi wa njano. Wataalamu wanawaita Tropheus duboisi. Wewe umepita juu yao na mtumbwi maisha yako yote bila kuwasalimu, maana hawajai kiganja na hawana faida kwenye sufuria. Huku bei ya mmoja inanunua kilo ya dagaa wa Kigoma. Tena hawa wamezaliwa hukuhuku, kwa hiyo habari za kibali cha kuishi haziwahusu. Mimi bado napanga foleni.

Najua swali lako: wanaliwa lini? Hawaliwi. Wao ndio wanaokula, na masharti ya kula kwao yangemshinda hata shemeji yako mwenye kisukari.

Mzee alipokuwa anajiandaa kwenda likizo baharini aliniita, akanikalisha, akanipa chai isiyo na sukari na somo la utumbo. Anasema siklidi, huo ukoo wa sato, perege na kuhe, wamegawana kazi ziwani. Kuhe, ambaye ni mkubwa kupita wote wa ukoo huo humo ziwani, anakula wenzake. Yupo mwingine riziki yake ni kunyofoa magamba ya samaki walio hai, na mdomo wake umepinda upande: kuna wenye mdomo wa kushoto na wenye wa kulia, kila mmoja na ubavu wake wa kuvizia. Mjapani Michio Hori aliandika habari zao mwaka 1993. Mzee alinisimulia hayo kwa sauti ya mtu anayesengenya majirani.

Hawa wa kwake ni wachungaji. Kutwa wanakwangua ule utando wa kijani kwenye mawe, ule uliokuangusha mwaka ule mbele ya wakwe. Chakula chenyewe ni chepesi, ndiyo maana wanakula tangu jua lichomoze hadi lizame, na utumbo wao ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili, umejikunja humo tumboni. Sasa mpe samaki wa namna hiyo nyama. Zamani wafugaji wa huku walikuwa wanasaga moyo wa ng'ombe wakawapa samaki, Mjomba, moyo wa ng'ombe mzima! Mafuta yake yanaganda kwenye maji ya nyuzi 26, tumbo linavimba, samaki anakataa kula, na akishafika hapo ni wachache wanaopona. Hata viluwiluwi wekundu wanaouzwa wakiwa wamegandishwa, mzee hataki kuwaona karibu na tangi.

Wanachokula ni vipande vikavu vyenye spirulina, yaani ile bakteria inayofanya maji kuwa ya kijani kwenye maziwa ya magadi. Jamaa yake ndiye anayeliwa na heroe kule Natron mpaka wanakuwa waridi. Msimamizi wangu kazini anameza spirulina hiyohiyo, ya vidonge, anasema inampa nguvu. Sijamwambia anakula sahani moja na nani. Juu ya hapo kuna mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, na njegere zilizomenywa ganda moja moja. Mimi, mtoto wa dada yako, nimesimama jikoni Ujerumani nikimmenyea samaki njegere. Kopo la chakula ni dogo na linakaa kwenye friji, kwa sababu likishafunguliwa vitamini C hupungua upesi.

Lakini kilichonimaliza ni kisanduku. Unakijua kile cha plastiki cha vidonge vya wazee, chenye vyumba saba vya siku za wiki? Kazini nawajazia wazee kila siku. Mzee kaniachia cha samaki. Kila chumba kina kipimo chake, amekipima kwenye mizani. Chumba cha Jumapili kina kikaratasi kimekunjwa mara mbili, nikakikunjua nikidhani ni maelekezo. Kimeandikwa: Hakuna.

Jumapili samaki wanafunga. Na hapo ndipo roho ya mtu wa Ujiji inapopata taabu. Unapita sebuleni, wote wanakimbilia kiooni, midomo wazi, wanakutazama kama hujalipa deni. Bibi angemwaga kopo zima. Mzee alinionya: usiwaamini, wameumbwa kuomba. Chakula kisipoisha ndani ya dakika mbili tatu ujue umezidisha. Kinachobaki kinaoza, kinatoa amonia. Na kwenye maji yao amonia ni sumu kali zaidi, maana maji ya ziwa letu yana ukali wa magadi, na mzee anauiga kwa kutia chumvi zake na baking soda. Ukizidisha huruma, asubuhi unaopoa maiti.

Kila jioni anapiga simu kutoka huko baharini. Haulizi habari za nyumba wala barua. Anauliza kinyesi. Kikiwa cheusi au cha kijani, alhamdulillahi. Kikiwa cheupe, kirefu kama uzi, nimpigie hata usiku wa manane. Basi nachuchumaa na tochi mbele ya kioo, naangalia, natoa ripoti kwa Kijerumani fasaha ambacho hakuna mwalimu aliyenifundisha. Halafu ananiambia leo amekula samaki gani hotelini.

Ana ombi kwako. Nilimwambia wewe ni mvuvi wa Kigoma, akanishika mkono kama amekutana na padri. Anaomba picha za mawe ya ziwani, yale yenye utando, karibu na ukingo, maji yakiwa meupe. Nenda Katonga asubuhi kabla ya upepo, upige hata kumi. Watu wakikuuliza unapiga picha mawe ya nini, waambie Mjerumani anataka kuona menyu.

Hela ya mabati nimetuma jana, angalia simu. Ya kutolea nimeweka humohumo.

Mpwa wako