Gome la Kinyumbu

Mvua ilinyesha Mau usiku kucha, na huku bondeni hakuna aliyeona wingu. Ndivyo ulivyo mto Mara: maji yake huanzia msitu wa Mau, mbali juu, yakapita kwa wanyama yakielekea Ziwa Victoria, na unaweza kuufikia chini ya jua kali ukaukuta umefurika.

Ndiyo maana baraza la wanyama lilitundika matangazo ya vivuko kwenye mkuyu wa ukingoni. Mzee Tembo aliandika kwenye gome la mti, kwa Kitembo. Kasuku na wenzake wakafasiri kwa Kiswala, Kipundamilia, Kitwiga na Kinyumbu. Kila gome lilipandishwa mara tu lilipokamilika, na wote waliridhika, kwa kuwa Swala hakulazimika kumsubiri Twiga.

Julai, nyumbu walipoanza kufika kutoka Serengeti, magome yote matano yalisema kivuko cha juu ni salama. Asubuhi ile baada ya mvua ya Mau, Tembo alikwangua mstari mmoja, akaandika: kivuko cha juu kimefungwa, piteni cha chini. Gome la Kiswala likarekebishwa kabla ya saa nne. La Kipundamilia, adhuhuri. Mfasiri wa Kinyumbu alikuwa safarini.

Gome la Kinyumbu likabaki linaning'inia. Litazame kwa karibu: herufi zimekaa sawa, sarufi haina doa, kamba bado mpya. Juzi kila neno lake lilikuwa kweli. Mama mmoja alilisoma mara mbili, kwa lugha aliyoinyonya kwa mamaye, akamwita ndama wake aliyezaliwa Februari kule Ndutu, wakaingia kivuko cha juu. Mama alitokea ng'ambo peke yake.

Tafsiri mbovu ingemfanya asite. Hii ilikuwa nzuri mno.

Baraza likakaa kwa uchungu, likaamua magome yote yapande siku moja, au lisipande hata moja. Ni uamuzi wenye heshima, maana hakuna lugha inayoachwa nyuma. Hata kwa binadamu, Umoja wa Ulaya una lugha rasmi 24, na sheria zake hutolewa kwa lugha hizo zikiwa na nguvu sawa. Lakini sheria huweza kupangiwa siku ya kuanza kazi, mamba hapangiwi. Agosti, onyo la mamba lilikaa kapuni siku nne, magome mengine yote yamekamilika, likisubiriwa la Kitwiga. Pundamilia wawili walikamatwa ilhali onyo lao, kwa lugha yao, limo kapuni, wino umekauka.

Hapo Kobe, mtunza kapu, akaomba kusema.

"Wazee wangu, kila siku tunaulizana gome lipande lini. Nani amewahi kuuliza limefasiriwa kutoka tangazo lipi?"

Akaonyesha. Tembo akibadilisha neno, achonge mkato mmoja pembeni. Mfasiri naye achonge mikato ileile. Gome likipungukiwa mkato, mlinzi alipake tope siku hiyohiyo, hata kama lugha yake haijui. Kuhesabu hakuhitaji mfasiri. Neno la hatari lipande peke yake, upesi, kwa kila lugha iliyo tayari, na maelezo yafuate. Na gome la Kinyumbu lisipande kabla nyumbu mmoja hajalisoma kwa sauti.

Wanaotunza tovuti za lugha nyingi wanajua kukosekana kwa tope hilo. Ukurasa wa asili hubadilishwa kwa dakika moja, na tafsiri zake huweza kubaki hewani, safi, bila alama yoyote. Nimeziona nyingi, na kila mara humfikiria yule anayezisoma kwa kuziamini.

Novemba, kundi lilikuwa linarudi kusini. Yule mama akasimama chini ya mkuyu. Gome la Kinyumbu lilikuwa na tope bichi. Akainua pua, akahesabu mikato kwenye gome la Tembo: sita. Lake lilikuwa na mitano.

Akalala pale pale kwenye majani. Nyuma yake, mmoja mmoja, kundi lote likalala, likimsubiri Kasuku.