Mashine Imegoma, Harusi Jumamosi

Wewe mwenzangu uliyeoa utanielewa haraka: nyumbani kwangu hakuna kitu kinachoharibika siku ya kawaida. Gesi huisha wageni wakiwa mlangoni. Pampu ya maji hufa asubuhi ya Idi. Kwa hiyo mashine ya kuchonga mbao ilipogoma na harusi ya shemeji yangu mdogo iko Jumamosi, sikushangaa. Nilivua shati tu.

Mke wangu namwita Bi Stakabadhi. Ametunza risiti ya kila kitu tangu tuoane, na ya mashine hii haikai mbali: ikikohoa tu, risiti inatoka kwenye pochi. Ni mashine ndogo ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, imekaa barazani kwetu Temeke, juu ya meza ambayo zamani tuliilia chakula. Ina mihimili mitatu. X hupeleka kichwa kushoto na kulia, Y husogeza kitanda kinachobeba ubao mbele na nyuma, Z hupandisha na kushusha kisu. Kila mhimili na mota yake.

Kazi ilikuwa ubao wa mninga wenye majina ya maharusi, uzungushiwe minyororo na mayungiyungi kama milango ya Unguja. Mashine ikaanza vizuri, nami nikaenda kuoga. Huku nyuma mota ya Y ikanguruma, ikatetemeka, na kitanda hakikwenda popote. Kisu hakina habari, kikaendelea kuchonga palepale. Narudi na taulo, nakuta bwana harusi kalazwa juu ya bibi harusi hata sheikh hajafika, na kompyuta imeandika kwa furaha: asilimia 100, kazi imekamilika.

Kompyuta usiilaumu. Mota za aina hii huenda hatua kwa hatua, kwa kawaida hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na mashine ndogo kama yetu haina jicho la kuhakikisha kwamba hatua imepigwa. Inaagiza, inahesabu, inaamini. Ni kama mimi ninapoitikia "nakuja" huku nimelala, isipokuwa Bi Stakabadhi huja kuangalia.

Baraza la familia likakaa. Wa kwanza kusema alikuwa mama mkwe, ambaye moyoni namwita Kamanda (tafadhali usiniponze). Alizunguka meza, akakunja uso.

"Marehemu baba yenu alichonga milango mizima, na mfaa wake, kwa patasi na nyundo. Waya hata mmoja hakuwa nao."

"Ni kweli, Mama," nikasema. Hilo ndilo jibu langu kwa hoja zake zote, na ndoa yangu imesimama juu yake.

Akafuata shemeji mkubwa, Injinia Nusu-Muhula. Huyu aliwahi kusomea umeme wa magari, akaacha katikati ya muhula kwa ugomvi ambao kila akiusimulia unahusu chakula tofauti. Mara wali, mara maharage. "Shem, mota haipati nguvu," akasema, bisibisi mkononi, tayari kuzungusha kile kiskrubu kidogo kilicho juu ya draiva, ile kadi inayoipa mota umeme wake, ili auongeze. Nikampokonya bisibisi. Akashika plagi ya mota aichomoe, na umeme unawaka! Hapo nilipiga kelele hadi jirani akapunguza redio. Kuongeza umeme bila kujua ugonjwa ni kuipika draiva, na kuchomoa mota umeme ukiwaka ni njia fupi zaidi ya kuiua.

Aliyetuokoa ni Bi Kwanini, binti yetu wa darasa la tano. Nyumba yenye simu nyingi na chaja chache humfundisha mtoto utabibu: simu ikigoma, badilisha chaja kwanza umjue mgonjwa. Tukazima umeme. Mota ya Y na waya wake tukaichomeka kwenye tundu la X. Kuwasha: ikanguruma vilevile. Tukazima tena, ya X tukaipeleka kwenye tundu la Y, ikazunguka bila neno. Basi draiva ni nzima. Nusu-Muhula akaonekana kufiwa. Mwishowe Bi Kwanini akachukua waya wa X akaivisha mota ya Y, na kitanda kikateleza mbele. Mgonjwa ni waya.

Waya huo una nyuzi nne, jozi mbili, kila jozi na koili yake. Uzi mmoja ukikatika mota hubaki na koili moja, inatetemeka isijue izungukie wapi. Testa ililia kwenye jozi moja, kwenye ya pili ikanyamaza. Na kwa nje waya unang'aa, hauna mkwaruzo.

Nikaufuata kwa kidole hadi nyuma ya meza. Hapo nikakutana na kipande cha khanga, kimeufunga waya kwenye mguu wa meza kwa fundo la kupendeza. Waya unaofuata kitanda unataka ulegevu. Ukibanwa unakunjika mahali pamoja kila kitanda kikienda na kurudi, mpaka shaba inakatika ndani ya plastiki. Fundo tulilijua sote. Kamanda hawezi kuona kitu kinaning'inia. Ameshafunga chaja zetu, mpira wa maji, hata mkia wa tiara ya mtoto.

Bi Stakabadhi akanitazama kwa jicho la "thubutu." Nusu-Muhula akakumbuka ana kiu.

"Kwani nani aliye..." akaanza Bi Kwanini. Nikamtuma dukani.

"Waya umechoka tu, Mama," nikasema.

"Na ulivyozagaa! Bahati yenu niliufunga."

"Ni kweli, Mama. Asante."

Waya mpya ulipatikana Kariakoo na risiti yake ikaingia kwenye pochi. Ubao wa pili uliwahi harusi, ukapigiwa vigelegele, na Kamanda akawatangazia wageni kwamba hiyo ni kazi ya nyumba ya marehemu. Ule wa kwanza anakatia vitunguu. Anasema kile kifereji kinazuia visiteleze.

Siku hizi kabla ya kulala napita barazani nafungua fundo. Asubuhi nalikuta limerudi. Juzi kachana khanga mpya kabisa.