Mpangaji Wangu wa Kwanza

Jumanne, mbele ya bodi ya ardhi, watu wamejaa hadi dirishani, mama mmoja wa makamo alininyooshea kidole. "Mwalimu huyu aliniahidi chumba cha kona. Alisema atanipunguzia kodi kwa kuwa mimi ni jirani." Kisha akawageukia wazee: "Shamba lenyewe ndilo ninalolima mimi."

Karani alicheka mpaka akaangusha faili. Muuzaji wangu, aliyekuwa ameketi na mke mdogo aliyevalia kitenge kipya kwa shughuli hiyo, alijishughulisha na kamba za viatu vyake.

Chumba niliahidi kweli. Siku nilipokwenda kukagua ploti, kando ya barabara ya kuingia Kegonga, nikiipima hamsini kwa mia kwa hatua zangu mwenyewe, mama huyo alikuwa akipalilia wimbi. Akanikaribisha uji. Nami nikamwaga ramani yote: vyumba kumi vya kupangisha, tangi la maji, wapangaji walimu na wauguzi watupu. Alisikiliza kwa makini ya kutisha. Akauliza milango itaelekea wapi, na kodi nitaipandisha baada ya muda gani. Nilimwona mpangaji mwenye akili. Kumbe ni mke mkubwa.

"Uji uliunywa," aliniambia pale bodini. "Mbona hukuuliza wimbi limetoka wapi?"

Tangu hapo nimeisoma bodi hii kuliko ninavyosoma silabasi, na lazima niseme inanivutia. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya Kenya ni ya 1967. Ukinunua, ukikodisha, ukigawa au ukiweka rehani shamba la kilimo katika eneo linalosimamiwa bila kibali cha bodi, mapatano yenu ni batili, hata mngeyatia saini mbele ya mawakili saba. Kibali kiombwe ndani ya miezi sita. Na utamu wenyewe uko hapa: wajumbe wengi si maofisa, ni wakazi wenye mashamba. Anayeamua ununuzi wako anamjua babu ya muuzaji, anajua ng'ombe waliotoka kwa mahari ya nani, na kila nyumba ilipewa kipande gani ilime. Hatimiliki ina jina moja, la mwanamume. Mimi nilikuwa nimelipia upekuzi katika ofisi ya ardhi na karatasi ikaja safi: hakuna mkopo, hakuna pingamizi, jina sawasawa na la kitambulisho. Karatasi hailimi wimbi. Kwa hiyo wazee wakasema, "Wake wasimame." Alisimama wa kitenge. Halafu, kule nyuma kabisa, akasimama wa uji.

Ombi likakataliwa.

Matofali niliyokuwa nimeagiza yalinyeshewa yakarudi udongo. Fundi amehamia Isebania na malipo yangu ya awali. Mdhamini mmoja wa mkopo wangu hapokei simu.

La mkopo silicheki. Sacco hunipa mara tatu ya akiba yangu, wadhamini wafungiwe zao, na makato yalianza kabla bodi haijaketi. Sheria ya Ajira ya 2007 inaniachia theluthi moja ya mshahara, na theluthi hiyo naijua kwa sura. Benki niliyoijaribu kwanza iliniuliza Kegonga iko wapi. Mwishoni mwa 2022 mikopo ya nyumba ya benki nchi nzima haikufika 30,000, katika taifa la watu zaidi ya milioni 47. Wachache hao wanajenga kwa pesa za miaka mingi. Sisi wengine tunajenga nyumba ya kurithiwa na wajukuu kwa mkopo wa miezi arobaini na minane, kisha tunaambiwa watu wa huku hatupendi kuwekeza.

Sheria hiyohiyo ya 1967 inasema pesa iliyolipwa kwa mauziano yaliyobatilika ni deni, na mnunuzi anaweza kuidai. Nimemdai. Muuzaji ni muungwana, hakatai hata shilingi. Ameahidi kunilipa yote baada ya mavuno. Ya shamba lipi, hakusema.