Sifa za Deni la Kibandani

Deni la kibandani halina mtetezi. Wahenga walilisema vibaya, wahubiri hulikemea kila Jumapili, na wenye vibanda wenyewe hutundika kibao cha "Hakuna deni leo, njoo kesho" kwenye waya wa dirishani, kisha wakakopesha papo hapo chini ya kibao hicho. Umefika wakati wa kulitendea haki. Dai langu ni kwamba mtaa wa Loresho jijini Nairobi, pamoja na mapaa yake ya vigae, nyua zake za michongoma na mabawabu wake malangoni, haungemaliza mwezi bila daftari la mama mboga, na kwamba madeni yanayoheshimika kuliko hili hayana hata nusu ya adabu yake.

Tazama linavyofanya kazi. Watumishi wa nyumbani, watunza bustani, mabawabu na vibarua wa mjengo wanaouweka mtaa huu katika hali ya kupendeza, wengi wao huja kwa miguu kutoka Kangemi, jirani wa karibu. Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa nyumbani jijini Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na inafurahisha kuona serikali ilivyozihangaikia zile senti 75. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inataka anayeajiriwa kwa mwezi alipwe mwezi unapoisha. Lakini mwezi wa baadhi ya waajiri una siku 40: bosi amesafiri, benki ina matatizo, karo imebana, subiri kidogo. Tumbo halisubiri. Hapo ndipo mtu anapokwenda kibandani na kusema neno moja tu, "Niandikie," akaondoka na sukumawiki, nyanya mbili, unga na mafuta ya kupima. Hakuna fomu, hakuna mdhamini, hakuna hati ya mshahara. Mama mboga anajua nani amepata kazi na nani ameachishwa, mtoto wa nani anaumwa, na lango lipi hubadilisha wafanyakazi kila baada ya miezi miwili. Benki huwalipa wachambuzi fedha nyingi ili wajue robo ya hayo. Asubuhi yake mama huyo alilipia mboga taslimu sokoni, maana biashara ya jumla haina cha kuandikiwa. Kwa hiyo mshahara uliocheleweshwa na mwenye nyumba ya vyumba vitano umelipwa kwanza na mwanamke mwenye meza ya mbao kando ya barabara, bila riba na bila kuombwa rasmi. Sijui mfadhili mwingine mwenye ukarimu kama huo.

Lilinganishe sasa na madeni ya wakubwa. Fuliza, huduma ya mkopo wa simu iliyoanza Januari 2019, haikusalimii wala haikuulizi habari za nyumbani. Hukata ada, na pesa inapoingia kwenye simu hujichukulia chake kabla hujaiona. Mama mboga hana mkono mrefu hivyo, ndiyo maana hulazimika kutumia heshima. Na wanaomcheka mtu anayekopa kibanda cha juu ili alipe cha chini wakumbuke kwamba Februari 2024 Serikali ya Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 katika masoko ya nje ili ipate njia ya kulipa dhamana ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni mwaka huo. Ile ikaitwa ustadi wa kusimamia uchumi. Hii huitwa ujanja wa mdeni sugu. Hata historia inamtetea mdeni wetu. Wakati wa ukoloni sheria iliwazuia wafanyabiashara wasio Waafrika kumdai Mwafrika mahakamani zaidi ya shilingi 200, isipokuwa kwa idhini ya afisa wa serikali. Ilisemwa ni kumlinda. Matokeo yake ni kwamba hakukopeshwa mtaji wa maana. Kwa kipimo hicho, kuandikwa kwenye daftari ni kuhesabiwa miongoni mwa watu wanaoaminika.

Najua pingamizi. La kwanza ni kwamba deni huwafundisha watu kukwepa, wapite njia ya nyuma ili wasionekane. Ni kweli, na bila shaka ndivyo vichochoro vingi vya Kangemi vilivyopata wasafiri. La pili ni kwamba anayekopa hupewa nyanya zilizolegea na hawezi kulalamika. Hilo nalo ni kweli, na ofisi nyingi zingetulia kama kila mlalamishi angekuwa anadaiwa kidogo na mwenzake. Pingamizi la tatu ndilo zito, na sifa zangu hazitoshi kulifunika: mdeni akifukuzwa kazi ghafla na kurudi kwao, anayebaki na hasara si aliyemfukuza. Mama mboga hana mahakama wala wakala wa kumfuatilia. Anapiga mstari kwenye ukurasa, na mtaji wa kesho asubuhi unapungua kwa kiasi hichohicho. Kibanda kikifungwa, watu husema hakujua biashara.

Alijua. Alikuwa akiendesha malipo ya mishahara ya mtaa mzima kwa mtaji wa magunia mawili ya mboga. Kwa hiyo nawaomba wanaowalipa watumishi wao tarehe 10: walipeni mwisho wa mwezi, kama sheria inavyosema. Wasioweza, basi wasimame kibandani jioni wakienda nyumbani, waombe kuliona daftari, na walipie zile siku 10 kwa jina lao wenyewe.