Sifa za Kinyesi cha Jogoo

Jogoo hana upungufu wa heshima katika nchi hii. KANU ilimfanya alama ya chama, Nairobi ikampa barabara nzima inayokata Eastlands, na wahenga wakamtungia methali kwamba wa shamba hawiki mjini. (Waje Umoja saa tisa usiku.) Lakini sijamsikia hata mmoja akisimama kukisifu kile anachokiacha jogoo huyo kwenye ngazi za ploti. Katika karne ya 2, Lucian, Msiria aliyeandika kwa Kigiriki, alimsifu nzi. Mimi leo nakisifu kile ambacho nzi mwenyewe anakisifu.

Kwanza, kinasema kweli, na mwenye nacho ni mwongo. Kuku mgonjwa huficha ugonjwa wake kadiri awezavyo, kwa kuwa akionekana mnyonge wenzake watamdonoa. Jogoo ndiye mbaya zaidi. Atatoa kifua, atawika juu ya tangi la maji, upanga wake kichwani mwekundu kama matatu mpya, na wewe utaenda kazini umeridhika. Ukirudi jioni, miguu juu. Wakati huo wote ukweli ulikuwa umeandikwa chini ya kamba ya nguo, nawe ukauruka ili usichafue viatu.

Kuusoma si kazi ngumu. Choo cha jogoo mzima kimeshikana, ni cha kahawia au kijivu, na juu kimevaa kofia nyeupe. Ile kofia ni mkojo. Kuku hana kibofu. Mkojo wake hutoka kama uji mzito, pamoja na kinyesi, kwa mlango mmoja na kwa safari moja. Sisi tuliozoea kulipia choo tukishikwa mjini tungepaswa kumwonea wivu.

Kisha kuna kile kingine. Mara chache kwa siku jogoo hutoa kitu cha rangi ya ugali wa wimbi, laini, kinachonata na kunuka hadi kwa jirani wa ghorofa ya tatu. Nilipokiona mara ya kwanza nilikikusanya kwenye pakiti ya unga, nikakimbia nacho hadi duka la dawa za mifugo nikiwa nimeshaanza kuomboleza. Muuzaji alifungua, akafunga haraka. "Buda, huyu ni mzima. Hii inatoka kwa vile vifuko viwili vya utumbo vilivyoziba upande mmoja. Wasiwasi ni ukikosa kuiona." Nililipa nauli ya kwenda na kurudi kwa habari njema, jambo nadra katika mji huu.

Rangi ya kijani ndiyo inayotaka akili. Inaweza kumaanisha tu kwamba jogoo ameshinda kwa mama mboga akila mabua ya sukuma wiki. Inaweza pia kumaanisha kwamba hali chochote, na inayopita ni nyongo tupu. Au inaweza kuwa kideri, ule ugonjwa ambao Waingereza waliuita Newcastle baada ya kuuona mjini humo mwaka 1926. Hapo ndipo unapoinua macho kutoka sakafuni: mabawa yameanguka? Shingo imejipinda? Kama ndiyo, majirani watakuletea majivu, pilipili na shubiri, na kila mmoja ataapa kwamba dawa yake iliwahi kuponya. Kideri hakina tiba. Kina chanjo, tone moja jichoni, na lazima itangulie ugonjwa.

Damu ni habari ya koksidia, hasa kwa vifaranga. Na minyoo mikubwa ikiwa humo, utaiona bila miwani.

Tena usichelewe. Mavi ya kale hayanuki, walisema wahenga. Mimi naongeza kwamba hayasomeki. Jua la Kayole likishayapiga nusu siku, ya mzima na ya mgonjwa yanafanana. Asubuhi mapema, kabla keateka wa ploti hajapita na fagio, ndio wakati wa msomi.

Sifa ya mwisho ni ya soko. Nikienda soko la Burma kununua kuku wa sikukuu, muuzaji hunionyesha kifua, uzito, macho. Mimi huinua mkia. Manyoya yaliyogandamana huko nyuma yamewahi kunipunguzia bei, na mara moja yameninyima kuku kabisa, nikamshukuru Mungu njia nzima hadi nyumbani.

Nakiri kina maadui. Tangu 2015 kaunti ina sheria inayotambua kilimo cha mjini, lakini keateka wetu hajaisoma, na ushahidi wake dhidi yangu hutawanyika koridoni kila siku. Jumapili iliyopita jirani wa chini aligonga mlango. "Shuka uone huyo mnyama wako amefanyia nini zulia langu." Nilishuka, nikawasha tochi ya simu, nikachuchumaa. Kahawia, kimeshikana, kofia nyeupe safi.

"Mzima kabisa, mathe," nikamwambia.

Akanipa fagio.