Barua ya Wazi kwa SHA: Mguu Usiosubiri Idhini

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA),
Nairobi.

Mheshimiwa,

Sisi wa Sangailu tunakuandikia kukushukuru. Huenda ukalazimika kututafuta kwenye ramani: ni wadi ya eneobunge la Ijara, Kaunti ya Garissa, upande ule wa msitu wa Boni na mpaka wa Somalia. Waziri wa Afya, Mheshimiwa Aden Duale, ni mtoto wa Garissa, kwa hiyo yeye hahitaji kuelekezwa njia.

Tunachoshukuru ni misimbo. Kabla ya tarehe 1 Oktoba 2024, mlipopokea kazi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, tulikuwa tukiugua ovyo ovyo. Mtu aliumwa na mguu, akasema mguu unauma, basi. Siku hizi ugonjwa una cheo. Mguu ambao mishipa yake imezibwa na mafuta, ukawa baridi, kifundo kikakosa mpigo wa damu, una nambari yake katika ICD-11, kitabu cha Shirika la Afya Duniani kilichoanza kutumika rasmi Januari 2022. Nambari yenyewe ni BD40. Mzee akijuliwa hali anaweza kujibu: "BD40, alhamdulillahi." Ila toleo la zamani lilitufaa zaidi kwa jambo moja. ICD-10 ilikuwa na W58, msimbo wa aliyeumwa na mamba. Ikiwa mamba wa Mto Tana walikumbukwa kule Geneva, nani atathubutu kusema watu wa Tana wamesahaulika?

Wamarekani wametuzidi. Chama chao cha madaktari, American Medical Association, kinamiliki kitabu kiitwacho CPT, na mwaka 2011 kuzibua mishipa ya mguu kulipangiwa misimbo kwa sehemu ya mguu na kwa chombo kilichotumika. Hadi mwisho wa 2025 ilikuwa hivi: mshipa wa paja ukipanuliwa kwa puto, 37224. Ukikwanguliwa uchafu kwa kisu kidogo kinachopita ndani kwa ndani, 37225. Ukiachiwa kijibomba cha waya, 37226. Ukikwanguliwa na kuachiwa kijibomba, 37227. Kila nambari ilikuwa na bei yake, na kukwangua kulilipa kuliko puto peke yake. Mwaka 2008 Medicare, bima ya wazee wa huko, ilipandisha malipo ya kazi hii ikifanywa katika kliniki ya daktari badala ya hospitali. Ajabu ya Mungu, mishipa ya wazee ikaanza kuziba kwa wingi karibu na kliniki! Mwaka 2023 gazeti la New York Times na shirika la habari la ProPublica yaliandika habari za wagonjwa waliokwanguliwa mishipa bila haja, wengine wakaishia kukatwa miguu.

Ombi letu la kwanza ni hili: kati ya madaktari wenye bidii kiasi hicho, tuletewe wawili Sangailu. Huku hawatalazimika kubuni wagonjwa.

Sasa hesabu. Mshipa wa mguu ukizibwa ghafla na donge la damu, nyama huanza kufa baada ya saa sita hivi. Mahali pa kuzibulia mishipa kwa mrija na puto ni pachache nchini, na pengi pako Nairobi. Kutoka mjini Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370. Kufika Garissa kwenyewe ni safari kamili: mchanga, vizuizi vya polisi, na saa ambazo dereva mwenye watoto hapiti kwa sababu ya mabomu ya kutegwa barabarani. Halafu ije mvua. Novemba 2023, na tena mwishoni mwa Aprili 2024, Mto Tana ulifunga barabara ya Nairobi upande wa Madogo, na mara hii ya pili mashua iliyokuwa ikivusha abiria ikazama, watu wakafa.

Saa ya saba, Mheshimiwa, mguu hubadilisha msimbo. Katika kitabu kile kile cha Wamarekani, kukata chini ya goti ni 27880, na kukata paja ni 27590. Mtu ni yule yule, mguu ni ule ule, bili ndiyo imegeuka. Kukata hakutaki puto wala mrija. Kunataka msumeno, na msumeno haukai Nairobi peke yake. Fomu itajazwa sawasawa, madai yatapita, na katika takwimu zenu mtu huyu atahesabiwa miongoni mwa waliohudumiwa. Sijaona kisanduku kinachouliza kwa nini aliyestahili kuzibuliwa amekatwa.

Wala hatujagusa idhini. Upasuaji huombewa ruhusa kwanza, na mgonjwa athibitishwe kuwa ndiye: awali kwa nambari ya siri inayotumwa kwenye simu, sasa kwa alama za vidole. Mfumo wa kufanya hayo uliwekewa bei ya shilingi bilioni 104.8, na mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akasema serikali siyo inayoumiliki. Ndiyo maana hatuulaumu ukigoma. Huenda unasubiri amri ya mwenyewe. Katika kaunti hizi za mpakani milingoti ya simu imelipuliwa mara nyingi, na mtandao ukipotea idhini hupotea nao. Wapo pia waliokaa miaka bila kitambulisho, wakipigwa msasa wa ziada kwa sababu ya jina na mpaka, hadi Rais alipoufuta msasa huo Februari 2025. Bila kitambulisho huwezi kujisajili. Usiposajiliwa, mguu wako si mguu wa mtu yeyote.

Mtauliza uchafu wa mishipani umetoka wapi. Sigara imo, na chai yetu imo, maana hapa chai isiyo tamu humwaibisha mwenyeji. Sukari yenyewe kwa miaka mingi imepita mpakani kutoka Kismayu kwa magendo, bila fomu, bila idhini, bila alama ya kidole, na haijawahi kuchelewa. Labda waliokuwa wakiisafirisha wangepewa kandarasi ya magari ya wagonjwa.

Kuhusu mchango sitasema mengi. Asiye na mshahara hulipa kwa mwaka mzima, kima cha chini shilingi 3,600, baada ya kuulizwa maswali juu ya nyumba na mali yake. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2.5 nchini. Ngamia aliyeandikwa kwenye fomu na ngamia aliye hai si lazima wawe mmoja.

Agosti 2025 hospitali kadhaa zilifungiwa kwa madai ya udanganyifu: wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani wakiandikwa wamelazwa, huduma ndogo ikivalishwa msimbo wa kubwa. Tunaunga mkono, na wenye hatia walipe. Lakini huku kwetu kuna jambo la kinyume, ambalo hakuna mkaguzi atakayelinasa. Huduma inayohitajika ni kubwa, inayopatikana ni nyingine, na inayopatikana ndiyo huandikwa. Hakuna aliyedanganya, kila karatasi ni halali, na mguu haupo.

Kwa hiyo hatuombi msimbo mpya. Ongezeni visanduku viwili kwenye fomu: saa mguu ulipoanza kuuma, na saa mgonjwa alipofika mbele ya mtu anayeweza kuuzibua. Kisha kila mwaka chapisheni, kaunti kwa kaunti, Nairobi kando ya Garissa, ni miguu mingapi mliyolipia izibuliwe na ni mingapi mliyolipia ikatwe.

Wako katika kulipa mchango,
Mkazi wa Sangailu,
Kaunti ya Garissa.